Harusi Imeganda Kwenye Kompyuta

Mwezi huu naomba tuziweke pembeni habari za meseji za usiku wa manane na mawifi wakorofi. Leo watu wamenuniana kwa sababu ya video.

Usicheke. Wahusika ni wasomaji wa safu hii, mke na mume, wanaishi Ilazo, Dodoma. Wote ni watumishi wa serikali waliotoka Dar es Salaam katika ule uhamisho uliofuata tangazo la Rais Magufuli la mwaka 2016. Walifahamiana huku huku, kwenye foleni ya chakula cha mchana pale Mtumba. Harusi waliifanyia Dar kwa sababu ndugu wengi wako huko. Mama mzazi wa bwana harusi, anayeishi Mpwapwa, hakuhudhuria. Wiki ile ile alikuwa amelazwa, nyonga imevunjika. Harusi ya mwanawe wa kiume wa pekee aliisikia kwenye simu ya muuguzi: vigelegele, muziki, basi.

Sasa mama amepona, anatembea na fimbo, na amesema anakuja Dodoma kukaa wiki mbili. Hakuomba kitenge wala kupelekwa mjini. Aliomba kitu kimoja tu: "Nataka kuiona hiyo harusi yenu, yote, tangu kanisani."

Bibie akaitafuta flashi waliyopewa na mpiga video, akaichomeka kwenye kompyuta ya mezani iliyopo sebuleni, akaiunganisha na TV kwa waya wa HDMI ili ajaribu mapema. Ndipo kizaazaa kikaanza. Picha inakwenda hatua mbili, inaganda. Mchungaji anafungua mdomo, mdomo unabaki wazi, lakini sauti yake inaendelea kubariki. Baada ya sekunde tano picha inaruka na pete tayari iko kidoleni. Nani kaivisha, haijulikani.

Bwana akatoa hukumu palepale: kompyuta imekufa, tununue laptopu mpya. Alishaiulizia bei, shilingi milioni moja na laki nne. Bibie akamwambia hela pekee ya kiasi hicho ni ile ya kiwanja, na hela ya kiwanja haiguswi. Bwana akaja juu: "Kwa hiyo mama yangu hana thamani ya kompyuta?" Wanawake wenzangu mnajua sentensi kama hiyo ikishatoka hairudi. Kwa siku tatu wakawa wanaongea kwa "chakula kiko mezani" na "geti nimefunga". Fundi mmoja wa mtaani alishapita, akaitazama kompyuta bila hata kuifungua, akasema ubao mkubwa wa ndani umekwisha, alete mwingine kwa laki tatu na nusu. Siku ya nne bibie akanipigia. "Dada, njoo uone mwenyewe, mimi nimechoka."

Nikaenda Jumamosi asubuhi. Cha kwanza nilichowaomba ni kunyamaza wote wawili na kuiangalia video ikiharibika. Watu wengi hawafanyi hivyo. Picha ikikwama mara ya kwanza wanapiga meza, wanazima, wanawasha, wanalaumiana. Ukitulia, video yenyewe inakueleza inaumwa wapi.

Hebu tuelewane jinsi inavyofanya kazi. Video ni picha mnato zinazopita haraka. Video nyingi za harusi kwetu hupigwa kwa picha 25 kwa sekunde, yaani kila picha ina milisekunde 40 za kufunguliwa, kuchorwa kwenye kioo na kuipisha inayofuata. Nasema kufunguliwa kwa sababu faili limebanwa, kama nguo zilizoshindiliwa kwenye begi la safari. Kompyuta isipowahi kuzifungua kwa muda huo, inaziacha nyingine njiani na kurukia za mbele. Sauti ni mzigo mdogo, inafunguka bila shida. Ndiyo maana mchungaji alibariki huku ameganda. Kwa hiyo picha ikikwama na sauti ikaendelea, jua moja kwa moja kwamba ubongo wa kompyuta, prosesa, umezidiwa. Vikisimama vyote viwili kwa pamoja, halafu vikaendelea pale pale vilipoachia, prosesa haina kosa. Mzigo unachelewa kufika: flashi ni nzito kusoma, au diski imechoka, au kuna programu nyingine inaigombania. Na kama unaona kile kiduara kinazunguka katikati ya kioo, hapo unatazama video ya mtandaoni na shida ni intaneti yako. Shusha ubora kutoka 1080 hadi 480 uendelee na maisha.

Ya kwao ilikuwa ya aina ya kwanza. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hawakuliona kwa sababu ya hasira. Mwanzoni ilikuwa inakwama kidogo kidogo. Ilipofika kama dakika ya tano ndipo ikawa haitazamiki kabisa, na feni ya ndani ikaanza kuvuma kama mashine ya kusaga. Nikaangalia ilipowekwa. Sakafuni, pembeni ya mlango wa kibaraza.

Jamani, hapa ni Dodoma! Tuko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua zetu ni za miezi michache, Desemba hadi Aprili hivi, na baada ya hapo ni ukame na upepo. Huko Ilazo, Nzuguni na Kisasa kila siku kuna mtu anachimba msingi. Ukifuta meza asubuhi, jioni unaandikia jina juu yake. Sasa feni ya kompyuta kazi yake ni kuvuta hewa, na ikivuta hewa ya Dodoma inavuta na Dodoma yenyewe. Tulipofungua ubavu wa lile boksi, juu ya prosesa kulikuwa na blanketi. Siongezi chumvi, lile vumbi ungeweza kulishika kwa vidole viwili likatoka zima.

Prosesa ikipata joto haiungui hovyo. Imetengenezwa kujilinda: ikikaribia kiwango chake, ambacho kwa nyingi huwa karibu na nyuzi 100, inapunguza mwendo yenyewe ili ipoe. Kwa mtumiaji ni kama gari linaloshuka gia katikati ya mlima. Ukiwa unaandika barua hutaona tofauti. Ukiwa unatazama video utaona, maana zile milisekunde 40 hazimsubiri mtu.

Tukazima, tukachomoa waya wa umeme, tukalibeba boksi hadi uani. Kusafisha si kazi ya kumwita fundi, lakini ina adabu zake. Tumia brashi ya rangi mpya, laini, na kipulizia upepo kama unaweza kukiazima. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia kwenye saketi. Usiipeleke gereji ikapulizwe na kompresa ya matairi, upepo wake ni mkali mno na mara nyingi unatoka na maji. Mapanga ya feni yazuie kwa kidole unapopuliza, yasizunguke kwa kasi yakajiharibu. Na gusa chuma cha boksi kabla hujagusa kitu kingine ndani, ili umeme mdogo uliomo mwilini mwako uishie hapo. Bwana alishika brashi, bibie alishika tochi ya simu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nne nawaona wamesimama karibu. Sikusema kitu.

Tulipoirudisha ndani tukaiweka juu ya stuli, mbali na mlango. Kelele ikaisha. Video ikatembea vizuri zaidi, na ile hali ya kuharibika baada ya dakika tano haikutokea tena. Lakini bado ilikuwa inakwama. Pete bado haikuonekana ikivalishwa. Bwana akanitazama kwa jicho la "si nilisema?"

Hapo akaleta hoja ambayo nakiri ni nzuri. Alitoa simu yake, akafungua kipande cha dakika moja cha video ile ile ambacho mpiga video alimtumia kabla. Kikacheza laini kama maji. "Simu ya laki tatu inaweza, kompyuta nzima inashindwa. Sasa hiyo kompyuta si ni kopo?"

Mpenzi msomaji, shika hapa vizuri, maana ndipo fedha za watu wengi zinapopotelea. Video hubanwa kwa mitindo tofauti, na kila mtindo unahitaji ufunguo wake, unaoitwa kodeki. Mtindo uliozoeleka ni H.264, wa mwaka 2003. Mwaka 2013 ukaja H.265, unaobana zaidi: ubora ule ule kwa karibu nusu ya ukubwa wa faili. Wapiga video wanaupenda, na simu nyingi za miaka hii zinauelewa kwa sababu ndani yake kuna kijisehemu maalumu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu, kufungua video. Hakitoi hata jasho. Kompyuta ya hawa ndugu zetu ni ya mtumba, Core i5 kizazi cha pili, ya mwaka 2011. Ilitoka kiwandani miaka miwili kabla H.265 haijazaliwa! Kijisehemu kinachojua H.264 inacho, cha H.265 haina. Kwa hiyo kazi yote inafanywa na prosesa kwa mikono mitupu. Prosesa za Intel zilianza kuwa na kijisehemu cha H.265 kuanzia kizazi cha sita, mwaka 2015.

Halafu kuna ukubwa wa picha. Enzi za VCD, zile tulizokuwa tukigawiwa baada ya harusi zikiwa na sura ya bibi harusi kwenye jalada, picha moja ilikuwa na nukta 352 kwa 288. Hii ya kwao ilipigwa kwa 4K, nukta 3,840 kwa 2,160. Piga hesabu, ni zaidi ya mara 80. Faili zima lilikuwa la saa mbili na dakika 40, na lilikuwa limekula gigabaiti 48. Kompyuta ya 2011 kulifungua faili hilo kwa mikono mitupu ni sawa na kumtwisha mtoto gunia. Na kwa faida gani? TV yenyewe ya sebuleni ni ya Full HD, nukta 1,920 kwa 1,080. Robo tatu ya ile kazi ilikuwa inafanyika ili itupwe.

Utaniuliza, mbona hawakuichomeka flashi moja kwa moja kwenye TV? Walijaribu. TV ya zamani, ikaandika kwamba faili haliungwi mkono. Ugonjwa ni ule ule. Na kumwonyesha mama kwenye simu? Faili lenyewe haliingii, na mama macho yake ni ya miaka 70.

Ukitaka kuhakikisha kwako, cheza video yako halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha nani anafanya kazi kiasi gani. Prosesa ikiwa inagonga asilimia 95 hadi 100, mzigo ni mzito kwake. Ikiwa imetulia asilimia 30 lakini diski ndiyo iko 100, angalia kama programu ya kuzuia virusi inafanya ukaguzi wake au Windows inajisasisha kimyakimya. Subiri imalize. Kama unatumia flashi na unashuku ndiyo nzito, hamishia faili kwenye kompyuta kwanza, au ichomeke kwenye tundu la USB lenye rangi ya bluu ndani, mara nyingi hilo ndilo la kasi. Wengine watakwambia ongeza RAM, wengine watakwambia weka diski ya SSD. Vitu vizuri hivyo, kompyuta itawaka haraka na utafurahi, lakini H.265 itakwama pale pale ilipokuwa inakwama.

Kwenye VLC, ile programu ya koni ya rangi ya chungwa ambayo ni ya bure, bonyeza Ctrl na P, nenda kwenye ukurasa wa kodeki. Mstari wa kwanza unahusu kuiruhusu kadi ya picha isaidie kazi. Kama umezimwa, uweke Automatic. Kuna watu wametibiwa na mstari huo mmoja tu. Kwa hawa haukusaidia, kadi yao haina cha kusaidia.

Dawa yao ilikuwa kuibadili video: kuitoa kwenye 4K ya H.265 na kuiweka kwenye 1080 ya H.264. Kuna programu ya bure inaitwa HandBrake. Unaifungulia faili, unachagua muundo wa MP4, ukubwa 1080, kodeki H.264, unaipa pa kuhifadhi, unabonyeza ianze. Kisha unakwenda kulala, kwa sababu kompyuta ile ile inayoshindwa kulifungua faili kwa wakati, hapa haina haraka. Inaweza kuchukua sekunde mbili au tatu kwa kila sekunde moja ya video. Ya kwao ilikadiriwa saa saba. Faili la mwisho linakuwa gigabaiti 9 au 10, na la zamani libaki flashini kama lilivyo. Usilifute kamwe! Kuna siku mtanunua TV ya 4K.

Niliondoka saa kumi na moja jioni nikiwa nimewaachia kazi inaendelea. Saa kumi na mbili asubuhi simu ikalia. Umeme ulikatika usiku. Faili la MP4 likikatishwa katikati huwa halifunguki hata kidogo, na lao halikufunguka. Nikakubali kosa ni langu, kwa mji wetu nilipaswa kuwaambia wagawe. HandBrake inakuruhusu kuchagua uanzie dakika ya ngapi na uishie ya ngapi. Wakaigawa vipande vya nusu saa: kanisani, picha bustanini, kuingia ukumbini, na kadhalika. Ukikatika umeme unapoteza kipande kimoja tu. Bwana aliisimamia kazi hiyo siku ya Jumapili nzima, kila nusu saa ya video ikila zaidi ya saa moja, na bibie akawa anampelekea chai pale pale kwenye stuli.

Sasa ninyi mnaotarajia kufunga ndoa, msikilizeni dada yenu. Mnapokubaliana na mpiga video, mnaongelea bei, idadi ya kamera, droni, albamu. Ongezeni mstari mmoja kwenye makubaliano: pamoja na nakala ya 4K, atoe nakala ya pili ya MP4, H.264, 1080. Kwake ni kubonyeza kitufe na kusubiri. Kwenu ni wazazi wote kuiona kwenye TV yoyote waliyonayo, kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni. Wa hawa walimpigia, alishahamia harusi nyingine, akasema atawatafuta. Mpaka leo.

Kuhusu ule ugomvi wenyewe, msidhani bwana alikuwa hana hoja kabisa. Windows 10 waliyonayo iliachwa kupewa matengenezo ya kawaida ya usalama tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta ya 2011 haikubaliwi rasmi kwenye Windows 11. Mimi nisingefanyia mambo ya benki kwenye mashine hiyo. Kwa hiyo laptopu itakuja kununuliwa, na bibie amelikubali hilo, lakini baada ya kiwanja. Kilichomuuma yeye, aliniambia tukiwa jikoni, si laptopu. Ni kuambiwa hampendi mkwe wake wakati yeye ndiye aliyekaa na flashi ile miaka miwili kwenye kabati la nguo, imefungwa ndani ya leso, akimsubiri mama apone. Nikamuuliza kama mumewe analijua hilo. Akasema hajawahi kumwambia. Nikamwambia mwambie leo, mimi sitalala hapa.

Mama alifika Jumatano kwa basi la mchana. Alhamisi jioni wakaniita na mimi nikatazame. Kipande cha kwanza, kanisani. Mama kakaa kwenye kochi, fimbo kaiegemeza ukutani, kanga mabegani. Hakusema neno hadi pale pete ilipochukuliwa, ikainuliwa, ikaingia kidoleni, taratibu, bila kuruka hata nukta moja. "Rudisha, baba," akamwambia mwanawe. Akarudisha. Akaangalia. "Rudisha tena." Mara tatu. Bibie alikuwa ameshika trei ya zabibu na hajui aiweke wapi.

Tukaingia kipande cha ukumbini. Kamera ikapita meza ya wazazi, picha safi, kila uso unaonekana. Mama akasogea mbele, akanyoosha kidole.

"Na huyo aliyekaa kwenye kiti changu ni nani?"

Tuonane toleo lijalo.